Nati Hukazwa Gari Likiwa Chini

Kuinua gari la porini ni kazi ya asubuhi moja. Unatoa springi za zamani, unaweka zilizozidi urefu kwa inchi 2, unafunga shokapu zinazolingana nazo, na kabla ya adhuhuri gari limesimama juu kuliko lilivyoingia gereji. Wapita njia wanageuza shingo. Mwenye gari anapiga picha na kuwatumia rafiki zake. Wanachokiona wote ni kimo, na kimo kweli kinapendeza.

Kazi ngumu inaanzia hapo. Chini ya gari lililoinuliwa hakuna pembe hata moja iliyobaki pale ilipokuwa. Mpira wa breki uliokuwa umelegea sasa umevutika. Ekseli imesogea kidogo kutoka katikati ya bodi. Propela inashuka kwa mteremko mkali zaidi. Vitu vilivyozoeana kwa miaka mingi vinalazimika kuzoeana upya, na huko chini hakuna anayepiga picha.

Tangu tulipofunga amu za kurekebishika kwenye gari la familia yetu, pale Arusha, nimelitafakari sana jambo hili, na kila nikilirudia nawaona watu kuliko ninavyoona vyuma.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1990. Lilikuja kwetu likiwa limeshainuliwa na mwenyewe wa kwanza. Linatupeleka shambani, na msimu ukifika hubeba wageni kwenda Ziwa Natron. Magari mengi ya porini ya zamani yalisimama juu ya springi za vipande bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na springi hizo zilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: zilibeba uzito, na zilishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Springi ya koili ni ya starehe zaidi, inacheza na mashimo bila kumchosha abiria, ila inajua kubeba tu. Kushika haiwezi. Ndiyo maana Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ikiwa na koili kwenye magurudumu yote manne, ilibidi iwe na vyuma vya pembeni vya kuishikilia ekseli mahali pake. Hizo ndizo amu. Nyuma ya Land Cruiser 80 ziko nne, mbili za chini na mbili za juu, pamoja na rodi ndefu inayokatiza kutoka upande mmoja wa chesisi hadi upande wa pili wa ekseli.

Uzito wa gari haukai kwenye amu. Umekaa kwenye springi. Amu zinachofanya ni kushika, na ukitaka kujua thamani ya kushika, fikiria gari ambalo ekseli yake ya nyuma inaweza kwenda inakotaka.

Nimewahi kusikia watu wakiulizana katika familia, fulani anachangia nini hapa? Wanauliza juu ya shangazi asiye na kipato, mjomba mzee, jirani anayekaa tu barazani. Hawabebi kitu, ni kweli. Lakini kuna nyumba nyingi ambazo aliyezishika zisiyumbe hakuwa mwenye pesa.

Sasa, amu ya kiwandani ina urefu mmoja usiobadilika. Imekatwa kwa ajili ya gari la kimo fulani. Gari likiinuliwa, amu haiwezi kurefuka, hivyo inainama, na inapoinama inaizungusha ekseli. Pua ya difu, pale propela inapoingilia, haitazami tena ilikokuwa inatazama. Kosa si la amu. Inafanya kilekile ilichofanya siku zote, kwa uaminifu uleule.

Kwetu tatizo lilijitokeza kwa mtetemo. Ulitoka sakafuni, ukapanda hadi kwenye kiti, hasa dereva alipokanyaga mafuta, akiachia unapungua. Ajabu ni kwamba tuliusikia kwenye lami, tukitoka Arusha kuelekea Makuyuni. Ukishapita Mto wa Mbu na kuingia njia ya Engaruka, kwenye changarawe na ile mikunjo midogo inayofuatana, huusikii tena, maana gari zima linatikisika. Barabara mbaya inaficha ugonjwa wa gari. Ni lami iliyonyooka inayoufichua. Nimeliona hilo kwa wanandoa pia, wanaovuka miaka ya shida wakiwa wameshikana, halafu shida zikiisha ndipo wanaposikia kitu kinanguruma chini ya sakafu.

Chanzo cha mtetemo ni krosi, maungio yanayoiruhusu propela kupinda. Propela ya nyuma ina krosi mbili, moja kwenye transfa, sanduku la gia inakoanzia propela, na nyingine kwenye difu. Krosi inayozunguka ikiwa imepinda haizunguki kwa mwendo mmoja: katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili, hata kama injini inazunguka kwa utulivu. Mwanasayansi Robert Hooke alilichunguza jambo hili huko Uingereza katika karne ya 17, wakati hapakuwa na gari lolote duniani. Dawa yake ni krosi ya pili. Ikipinda kwa pembe ileile ya krosi ya kwanza, pale ya kwanza inapoharakisha yenyewe hupunguza, na kasoro za zote mbili zinafutana. Pembe zikitofautiana, kasoro inabaki na kushuka hadi kwenye magurudumu.

Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza kidogo. Siku zote nilidhani kinachotakiwa ni kila kitu kunyooka. Kumbe transfa inaweza kuwa juu na difu ikawa chini, kati yao pakawa na mteremko mkubwa, na gari likaenda vizuri kabisa. Kinachotakiwa ni vyote viwili viinamiane kwa kiasi kilekile.

Hapo ndipo nilipomfikiria mdogo wangu.

Alikuwa akiishi Usa River, hatua chache kutoka kwa mama. Jumamosi alikata majani ya ng'ombe, mwisho wa mwezi alimpeleka mama kliniki ya presha, bomba likivuja aliitwa yeye. Kisha akapandishwa cheo na kuhamishiwa Dodoma. Tulifanya sherehe. Tulikula, tukapiga picha, na kila mmoja wetu akasimama na kuahidi kwamba hakuna kitakachoharibika, yeye atakuja kila mwisho wa mwezi, dada atasaidia, mimi nitajazia. Ahadi zilikazwa palepale, tukiwa tumeshiba.

Miezi michache baadaye mtetemo ukaanza. Bomba likivuja, bado anaitwa yeye. Ng'ombe akiugua, simu inaita Dodoma. Mwisho wa mwezi alipanda basi, akafika amechoka, akashinda shambani, akarudi kazini Jumatatu akiwa hajalala. Mkewe akaanza kulalamika. Na alipokosa kuja mara mbili, maneno yakaenea: amebadilika, cheo kimemlewesha, Dodoma imemteka. Mimi sikuamini hata siku moja kwamba amebadilika. Moyo wake ulikuwa uleule na mama alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kimo. Tulikuwa tumemwinua, tukashangilia, halafu tukataka amu zibaki na urefu wa zamani.

Mzee tuliyempelekea gari ana gereji mtaa wa Unga Limited, na kila mtu pale anamwita Babu. Baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza tunataka nini. Alilala chali chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu, kisha akabandika kipima pembe chenye sumaku kwenye flanji ya transfa, akasoma, akakihamishia kwenye flanji ya difu, akasoma tena. Alimwita kijana wake aandike namba hizo kwa chaki sakafuni. "Usiguse spana kabla hujajua gari limekaaje," alimwambia. "Ukishafungua, hutajua tena."

Bolti zilikuwa zimepuliziwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake jioni. Hata hivyo moja ya amu ya chini iligoma. Ndani ya kila bushi, yaani ungio la mpira kwenye ncha ya amu, kuna kipande cha bomba la chuma ambamo bolti hupita, na kutu ilikuwa imevigandisha pamoja, hivyo nati ilipozungushwa, bolti nayo ilizunguka na kuusokota mpira wa bushi. Kijana alichukua nyundo kubwa. Babu akamzuia. Alirudisha nati mpaka ikawa sawasawa na ncha ya bolti ili meno yasipondeke, akatafuta nyundo ya shaba, akaanza kugonga taratibu, akizungusha kidogo, akigonga, akipulizia mafuta, akigonga. Vumbi jekundu la kutu lilidondoka usoni mwake na hakulipangusa. Bolti ilipoanza kusogea haikutoa sauti yoyote. Niliona tu kwenye shingo yake mstari mpya wa chuma kinachong'aa, ambacho hakikuwa kimeona mwanga kwa miaka.

Sheria aliyoirudia kuliko zote ni kwamba amu haifunguliwi zaidi ya moja kwa wakati. Unatoa moja, unafunga mpya mahali pake, ndipo unaigusa ya pili. Ukifungua zote, ekseli inajizungusha, na kuirudisha ni vita na jeki. Wakati moja inabadilishwa, nyingine lazima ziwe zimeshika.

Amu mpya ililazwa mezani sambamba na ya zamani, bolti zikapitishwa kwenye matundu ya pande zote mbili, mpaka zikawa na urefu mmoja kabisa. Kila marekebisho yanaanzia kwenye kipimo cha zamani. Kisha ndipo za juu zikaanza kurefushwa au kufupishwa, kwa sababu ukirefusha amu za juu pua ya difu inanyanyuka, na ukizifupisha inainama. Ya kushoto na ya kulia lazima zilingane. Zikipishana, ekseli inakaa kwa mkazo, kila bushi inavuta upande wake. Tena kurefusha kuna kikomo. Amu ya kurekebishika ina meno ya kuzungushia, na kiasi fulani cha meno hayo lazima kibaki ndani. Ukitafuta urefu mpaka meno yaishe, ulichonacho mkononi ni chuma kinachosubiri kuchomoka. Nimewaona watu wema wakijirefusha hivyo kwa ajili ya kila ndugu, kila mchango, kila simu ya usiku, mpaka ndani hapakubaki kitu cha kuwashika.

Kuhusu bushi palikuwa na mjadala. Kuna amu zinazokuja na maungio ya chuma yanayozunguka kila upande, badala ya mpira. Magari ya mashindano huyapenda. Ukienda Kenya kwenye Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kulinda misitu na wanyama wa Aberdare, utayaona magari ambayo gurudumu moja limezama korongoni na jingine liko juu ya mwamba, na ekseli inapinda bila kuvunja kitu. Pale timu zina saa 10 kufika kwenye vituo 13, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, si mwendo mkali zaidi. Anayetaka kupita moja kwa moja kwenye ardhi ya namna hiyo anahitaji maungio yasiyobishana na chochote. Lakini maungio ya chuma yanahitaji grisi mara kwa mara, na yanapeleka kila kelele ya barabara hadi kwenye kiti. Gari la nyumbani linahitaji kitu kinachosamehe. Tulichagua mpira, na ningechagua mpira tena.

Uamuzi huo wa mpira ndio ulioleta somo ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote.

Amu zote zilipokuwa zimefungwa, gari likiwa bado juu ya stendi na magurudumu yananing'inia, kijana alichukua spana ndefu kuzikaza nati. Babu alimshika mkono. "Zifikishe kwa vidole tu, na spana kidogo. Kukaza, mpaka lishuke."

Nilimwuliza sababu. Akachukua bushi ya zamani iliyotolewa asubuhi akanionyesha. Mpira wake ulikuwa umechanika kwa mstari wa mviringo, karibu na bomba la katikati. Bushi ya mpira, alisema, haitelezi. Ukikaza nati, lile bomba la katikati linabanwa na mabano ya chesisi, haliwezi tena kuzunguka, na amu inapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaosokotwa. Ukikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unatulia katika pembe ya kuning'inia. Gari likishushwa, uzito ukikaa, mpira tayari umesokotwa, na utabaki hivyo hata gari likiwa limeegeshwa usiku, hata wakati hakuna anayelitumia. Hauna muda wa kupumzika. Ndani ya muda mfupi utachanika, na mwenye gari atasema bushi za siku hizi ni feki.

Kwa hiyo walilishusha. Magurudumu yakakanyaga sakafu, springi zikabonyea. Babu alisimama kwenye bampa ya nyuma akalibonyeza mara kadhaa, kisha akawaambia wasaidizi wapakie matairi mawili ya akiba na dumu la maji nyuma, kwa sababu alijua gari hili halitembei tupu. Ndipo akaingia chini kwa mgongo, palivyokuwa pembamba, na spana ya torki, akakaza moja baada ya nyingine mpaka spana ikalia kwa kipimo cha kitabu.

Nimelifikiria tangu siku ile, ni mara ngapi tunakaza mambo yetu tukiwa tunaning'inia. Wachumba wanapanga nani atapika, nani atalipa ada, wazazi wa nani watakuja kukaa nao, wakiwa hawajabeba hata uzito mmoja wa hayo. Kijana anaapa kuhusu kazi ambayo hajaifanya. Sisemi watu wasiahidiane. Babu hakuacha bolti nje. Zote zilikuwemo, kila nati imeshika, hakuna iliyoweza kudondoka. Lazima mtu awe ndani kabisa. Ila kipimo cha mwisho, kile kitakachoamua mpira utapumzika katika hali gani, kisubiri uzito ufike. Tukikazana kabla, tunakuwa watu waliosokotwa hata siku ya mapumziko, wanaotimiza ahadi na huku wanachanika ndani, na majirani watasema mapenzi ya siku hizi ni feki.

Ahadi zetu za siku ya sherehe ya mdogo wangu zilikuwa za namna hiyo. Hazikuwa za uongo. Zilikazwa juu ya stendi.

Uzito ulifika masika, mama alipolazwa. Tulikutana nyumbani kwake Usa River, ng'ombe wanalia njaa nje, bili ya hospitali iko mezani, mdogo wangu yuko kwenye simu kutoka Dodoma na mkewe kando yake. Hakukuwa na hotuba. Dada alichukua kliniki, na akaenda mara ya kwanza pamoja na mdogo wetu ili daktari na mama wamzoee, kabla mwenzake hajaachia. Tulipata kijana wa kukata majani, mdogo wangu akalipia mshahara wake. Mama naye akainama upande wake: alikubali kwamba bomba likivuja ataitwa fundi wa jirani, na kwamba mwanawe atamsikia kila jioni kwa simu badala ya kumwona kila mwisho wa mwezi. Hilo halikuwa dogo kwa mwanamke aliyezoea kuita jina moja tu. Mdogo wangu kwa upande wake aliahidi saa moja ya kila jioni ambayo haitaguswa na kikao chochote cha kazi, na mkewe ndiye aliyeichagua saa hiyo, kwa sababu ndiye aliyejua ratiba ya watoto.

Mpango huo haukuandikwa popote. Unafanya kazi mpaka leo, na pale unapobana tunausogeza kidogo. Amu ya kurekebishika ina nati ya kufungia, na nati hiyo inafunguka kwa anayetaka kupima tena.

Gari nalo tulilirudisha kwa Babu baada ya kilomita mia chache, kama alivyoagiza, akapitisha spana kwenye kila nati. Mbili zilisogea kidogo. Pembe za transfa na difu zilibaki sawa na namba alizoandika mwishoni. Kwenye lami ya Makuyuni sasa unaweza kuzungumza na aliye kiti cha nyuma bila kupaza sauti.

Mbele bado hatujagusa. Gari likiinuliwa, ekseli ya mbele nayo hujizungusha, usukani ukawa mwepesi mno na kuchelewa kujirudisha ukitoka kwenye kona, na dawa yake ni bushi ambazo tundu lake halikai katikati, ili kuirudisha pembe hiyo. Mdogo wangu ameomba kazi hiyo isifanyike mpaka aje Krismasi, anataka kulala chini ya gari na Babu. Nimemwambia Babu aagize bushi mapema, maana wiki ya Krismasi maduka ya spea hufungwa na wenyewe huwa wameshapanda basi kwenda kwao.